Kiwango cha Maharage

Kazi yangu ni kuhakikisha fedha haivuki mpaka. Watu wakiniuliza nafanya nini pale Majengo, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la mabati, huwa nawajibu hivyo, nao hudhani niko forodha. Mimi ni mtu wa malipo wa chama cha wakulima wa maharage hapa Sumbawanga. Chama chetu kina pacha wake Mbala, upande wa Zambia. Vyote viwili vilianzishwa na watu wa ukoo mmoja ambao mpaka uliwakuta wamekaa, wengine huku, wengine kule. Sisi tuna shilingi, wao wana kwacha, na hakuna mwezi tusiodaiana.

Utaratibu ni mwepesi ukishauzoea. Watu wa Mbala wakihitaji magunia au mbegu kutoka Sumbawanga, nawalipia mimi kwa shilingi. Sisi tukihitaji kulipa ghala, ushuru au mafuta ya lori huko kwao, analipa mwenzangu kwa kwacha. Mwisho wa mwezi tunapigiana simu, tunakata deni kwa deni, na kinachobaki kinasubiri. Shilingi inalala kwetu na kwacha inalala kwao.

Sasa kwacha moja ni shilingi ngapi? Benki ina jibu lake, wabadilisha fedha wa mpakani wana lao, na kila mwenye simu kubwa ana lake. Wazee wetu hawakuamini hata moja. Walikubaliana kwamba kila siku ya gulio debe la maharage liulizwe bei Sumbawanga, na siku hiyo hiyo liulizwe bei Mbala. Bei hizo mbili zikiwekwa pamoja, hicho ndicho kiwango cha wiki nzima. Walisema debe la maharage wanalijua kwa macho, dola hawajawahi kuila. Kuna wiki kiwango kinatupendelea sisi, kuna wiki kinawapendelea wao, na miaka yote hakuna aliyekaa akajumlisha nani amefaidi zaidi.

Mwenzangu wa Mbala nilimjua kwa sauti tu. Alikuwa akiniita Mama Shilingi, nami nikamwita Mama Kwacha. Yeye husema Kimambwe, mimi Kifipa, tunaelewana kila mmoja akipunguza mwendo, na tukikwama tunakimbilia Kiswahili, ambacho yeye alijifunza kwa wafanyabiashara wa samaki.

“Mama Shilingi, umeamka au bado unahesabu sufuri?”

“Sufuri zetu zinatufunika. Huku kuna baridi, nyie hamjui.”

“Siku mkizikata mtabaki uchi!”

Hivyo ndivyo tulivyoanza kila asubuhi ya gulio, kabla ya kuulizana bei.

Mwaka jana, mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa zimechomwa na vumbi la Majengo likiingia hadi kwenye sukari, lori letu lililobeba maharage kwenda bandari ya Mpulungu liliharibika gia likiwa Mbala. Dereva alinipigia akiwa gereji. Fundi alitaka fedha ya vipuri kwanza, tena kamili, na gereji ilikuwa inatoza kila siku ambayo lori linalala uani. Nikampigia mwenzangu, nikamweleza. Akasema sawa. Kabla ya saa sita dereva akanipigia tena: fundi ameshalipwa, yuko chini ya gari.

Nilifurahi kwa muda mfupi. Mimi si mtu wa kutulia. Wadogo zangu husema nikikaa kwenye kiti, kiti ndicho kinachochoka. Jambo likienda vizuri upesi namna hiyo huwa nalizunguka kulitafuta mkia. Jioni ile nikampigia tena mwenzangu, nikamuuliza fedha ameitoa wapi, maana nilijua mwezi ule mfuko wao wa matumizi ulikuwa mkavu.

Nikasikia akifunga mlango kwanza.

“Nimechukua kwenye mfuko wa mbolea.”

“Mfuko wa nani?”

“Wa wanachama. Ile michango yao ya mbolea. Jumamosi kuna mkutano, tunahesabu mbele ya watu wote halafu wawili wanaipeleka kwa wakala.”

“Umemwambia nani?”

“Nimekwambia wewe, sasa hivi.”

“Mbona hukuniambia kabla ya kulipa?”

“Ungekataa. Na maharage yenu yangesherehekea Krismasi gereji.”

Alicheka, lakini kicheko hakikuwa na miguu. Kwa sheria ya chama chao, mtu akikutwa na pengo kwenye fedha ya mbolea anaondolewa, tena anatajwa mbele za watu. Hakuna kuulizwa alikuwa na nia gani. Alishawahi kunisimulia habari za mwanamke mmoja aliyeondolewa hivyo. Hata kanisani watu wakawa wanambakizia benchi zima. Ilikuwa Jumatano. Fedha ilitakiwa irudi pale ilipotoka kabla ya Jumamosi asubuhi, bila pengo.

Hapo ndipo utaratibu wetu uliponigeuka. Tungekuwa tunawadai, ningekata deni kwa deni na yeye angekusanya kwao. Lakini mwezi ule hawakununua chochote huku. Hapakuwa na kitu cha kukata. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, fedha ilitakiwa ivuke kweli kweli.

Nilikwenda benki Alhamisi asubuhi kabla hawajafungua. Dada wa dirishani alinieleza kwa upole: shilingi itageuzwa kuwa dola, dola itapitia benki nyingine, kisha itageuzwa kuwa kwacha, na kila mlango unakata chake. Nikauliza itafika lini. Akasema wiki ijayo, Mungu akijalia. Nikajaribu kwa simu. Laini ya mwenzangu haikuruhusiwa kupokea kiasi hicho. Nikarudi Majengo kwa miguu, na nilipofika nikagundua nimepita mlango wa ofisi yangu na kwenda mbele hadi kwa washona viatu.

Mchana kamati ikakaa. Mwenyekiti wetu ni mama wa kutoka Mbeya aliyekuja Sumbawanga kwa kazi ya serikali, akastaafu, akabaki kulima. Mweka hazina ni kijana makini, mwenye kulinda mali ya chama kama ya mama yake. Hakuna aliyebisha kwamba deni lilipwe. Ubishi ulikuwa kiasi.

“Kwa kiwango cha maharage tutaumia,” alisema mweka hazina. “Wiki hii malori ya kutoka Dar yamesomba maharage yote, debe limepanda huku. Kule halijapanda. Nikilipa hivyo, wanachama watanila nyama.”

“Wiki za nyuma kiwango hichohicho kilitubeba,” nikasema.

“Dada, wiki za nyuma hatukutoa noti mkononi. Tulikata deni kwa deni. Leo natoa noti.” Akageuza simu yake kwa mwenyekiti. “Kiwango cha leo cha benki hiki hapa. Amelipa kwacha kadhaa, arudishiwe kwacha zilezile. Tumemdhulumu nini?”

Mwenyekiti aliitazama simu, akanitazama mimi. “Mwanangu, hapo anasema kweli. Kwacha kwa kwacha.”

“Mama Mwenyekiti, hicho ni kiwango cha kwenye kioo. Hakuna mtu mpakani anayeuza kwacha kwa bei hiyo.”

“Basi kabembeleze,” akasema, na wote wakacheka, hata mimi. Wakasaini. Nikapewa shilingi kwa kiwango cha benki pamoja na nauli ya kwenda na kurudi.

Ijumaa alfajiri nilikuwa Kasesya, kituo cha mpakani. Njiani mkoba niliufunga kwa kitenge tumboni, na kila gari liliposimama mkono wangu ulikwenda wenyewe kuukagua. Nilitangaza fedha yangu kwa ofisa, nikachukua kibali cha siku moja, kisha nikaenda kwa wabadilisha fedha wanaokaa chini ya turubai.

Bei yao ilinipa joto la masikio. Msimu ule kila mfanyabiashara alikuwa anatafuta kwacha, nao walijua.

“Kaka, benki leo wanasema vingine kabisa,” nikamwambia wa kwanza.

“Benki wana kiyoyozi, dada yangu. Mimi nina jua. Unalipia jua.”

“Mshikaji, mpunguzie mama,” akasema mwenzake wa pembeni, na nilipomgeukia yeye akanitajia bei mbaya zaidi. Wakagongana viganja kwa kicheko. Nilizunguka turubai lote. Nikarudi kwa yule wa jua, nikabadilisha. Nilihesabu mara mbili nikijua jibu: kwacha zilikuwa pungufu. Si pungufu sana kwa mtu mwenye duka. Kwa mfuko unaohesabiwa mbele ya watu, lilikuwa shimo.

Gereji ya Mbala iko nyuma ya soko. Lori letu lilikuwa uani, limeshapona, dereva amelala chini yake. Mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sweta la kijani, alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu. Kwa sauti ile nilikuwa nimemchora mnene.

“Mwapoleni,” akanisalimia, akinitazama kuanzia miguuni. “Kumbe Mama Shilingi ni mfupi. Nilidhani kwa sufuri zote zile utakuwa mrefu kama mlingoti.”

“Shikamoo,” nikasema, kwa sababu nilimwona amenizidi umri, naye akaipokea kwa kunishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa baridi. Tukaingia kwenye kibanda cha fundi, nikafungua kitenge, akahesabu. Alipomaliza alizipanga noti, akazigonga mezani ziwe sawa, akazihesabu tena.

“Hazijatosha,” akasema.

“Najua. Mpakani wamenikata.”

Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu, ningepata kitu cha kujibu. Alitoka nje akasimama akitazama upande wa soko, kisha akasema kama mtu anayejisemea, “Nina kuku. Nina cherehani. Lakini leo ni Ijumaa, nani atanunua cherehani leo?”

Nilimtazama yule mama, halafu nikalitazama lori. Magunia yetu yalikuwa yamejaa hadi juu. Tulikuwa tumeacha kiwango cha maharage tukafuata cha benki, na noti zilikuwa zimetuangusha. Nikampigia mwenyekiti.

“Mama, fedha imepungua. Naomba ruhusa nishushe magunia mawili, tuyauze hapa, tuzibe pengo.”

Nilisikia akiongea na mtu pembeni, bila shaka mweka hazina. Akarudi. “Magunia hayo yana mnunuzi Mpulungu. Yana mkataba. Kamati haijakaa.”

“Kamati ikikaa itakuwa Jumatatu, mama. Yeye anahesabiwa kesho.”

“Mwanangu, mimi siwezi kukuruhusu kwa simu. Ukishusha, ni juu yako.”

Maneno hayo nilishawahi kuambiwa. Mama yetu alipokufa, baba akiwa ametangulia, ndugu walikaa sebuleni kwetu kutugawa: mdogo wangu wa kike aende kwa shangazi, wa kiume mmoja Namanyere, mwingine kwa baba mdogo anayevua Kipili. Nilikuwa kidato cha pili. Nilisimama nikasema hakuna anayeondoka, nitaacha shule, nitawalea. Wakabisha mpaka wakachoka. Mwishowe baba mkubwa akafunga vifungo vya koti lake akasema, haya, ni juu yako. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anataka kujua nani ataulizwa siku moto ukiwaka. Niliuza mahindi ya kuchemsha, nikauza vocha, nikawa wakala wa fedha za simu, hadi chama kikaniona naweza kushika fedha ya watu bila mkono kutetemeka. Tangu siku ile ya sebuleni sijawahi kulikwepa neno hilo. Ni zito, lakini ukishalibeba hakuna mtu mwingine wa kusubiriwa.

“Sawa, mama,” nikasema. “Ni juu yangu.”

Nikamwamsha dereva. Alinung'unika kwamba turubai alilifunga vizuri sana, akalifungua. Magunia mawili yakashuka, tukayapeleka sokoni kwa toroli, tukatandaza gunia tupu chini na kumwaga. Kule wanapima kwa kopo kubwa la plastiki wanaloliita meda. Mteja wa kwanza alipokuja nilijaza kopo kama tunavyojaza Sumbawanga, na kilima juu.

Mwenzangu akanipiga kofi mkononi.

“Unafanya nini?”

“Napima.”

“Hicho unacholundika juu ni nini? Unailisha Zambia nzima?” Akapitisha kiganja juu ya kopo, maharage yaliyozidi yakarudi chini. “Hapa tunakata. Usawa wa mdomo.”

“Mayo, mama yangu, mwache mgeni apime anavyojua!” akasema mteja, na wenzake wawili waliokuwa wamepita wakarudi upesi.

“Mgeni atapima kwao,” akawajibu. “Hapa napima mimi.”

Wakacheka, wakabishana, wakaomba waongezewe. Aliwaongezea punje chache kwa vidole vitatu, kwa ubahili uliowafurahisha kuliko kama angewajazia. Mimi nikabaki kupokea fedha. Kwa saa kadhaa sikufikiri jambo lolote zaidi ya noti na chenji, na nadhani hayo ndiyo yalikuwa mapumziko yangu ya wiki ile. Lakini jua likahama. Mpaka unafungwa jioni, na gunia la pili lilikuwa bado na tumbo.

“Nenda,” akaniambia.

“Bado haijatimia.”

“Nitapima hadi giza. Ukilala huku bila kibali utanipa kazi nyingine ya kukulipia faini, na mfuko wa mbolea siugusi tena.”

Nikamwachia kila kitu. Nilivuka Kasesya mtu wa karibu na mwisho, mkoba tupu, tumbo likiwa limelegea baada ya kufungwa siku nzima, na bado mkono wangu ulikuwa unakwenda pale kukagua kitu ambacho hakikuwepo.

Habari ya magunia mawili niimalize mara moja. Jumatatu kamati ilikaa. Mweka hazina alisema alichopaswa kusema, kwamba mnunuzi wa Mpulungu amepokea pungufu ya mkataba na amekata bei kidogo kwenye mzigo wote. Hakupaza sauti. Mwenyekiti akauliza kama nina la kujibu. Nikasema sina, na kwamba ikitokea tena nitashusha tena. Wakaandika kwamba thamani ya magunia ikatwe kwenye posho yangu hadi mavuno. Mdogo wangu wa mwisho alikasirika kuliko mimi. “Dada, wewe utakuja kuuzwa ili watu walipwe,” alisema, akaenda kuninunulia mchele.

Lakini kabla ya Jumatatu ilikuwepo Jumamosi, na Jumamosi ndiyo iliyonila. Mkutano wao ulianza asubuhi. Nilifua mashuka ambayo hayakuwa machafu. Nilikwenda sokoni bila orodha nikarudi na vitunguu, na nyumbani vitunguu vilikuwepo. Nilimpigia mara moja, simu ikawa imezimwa. Nikajiambia wanazima simu mkutanoni, halafu nikajiambia mtu aliyefukuzwa naye huzima simu. Mchana upepo wa Ufipa ulianza, ule unaopiga mabati kana kwamba kuna mtu juu, na kila bati lilipolia nilitoka nje kutazama. Hakukuwa na la kutazama.

Alipiga jua likiwa limeshaelekea kuzama.

“Mama Shilingi.”

“Niambie.”

“Fedha ilitimia. Nilimaliza gunia kwa taa ya mama wa vitumbua.”

“Na mkutano?”

“Wamehesabu, imetimia, wameifunga. Halafu mzee mmoja akasimama. Akauliza kwa nini Ijumaa nzima alimwona mtu wa hela wa chama anauza maharage ya Sumbawanga sokoni.”

Nilikaa chini, hapo hapo kizingitini.

“Ukasema nini?”

“Nikasema yote. Gereji, mfuko, wewe, magunia. Wakapiga kelele, wewe! Nusu wanataka nitoke, nusu wanasema fedha si ipo? Mzee yuleyule ndiye aliyewanyamazisha. Akasema, sheria inasema mtu akikutwa na pengo. Tumekuta pengo? Hatukukuta. Lakini akasema mtu huyu ameonyesha mkono wake unaweza kufika kwenye mfuko peke yake, na hilo halifai.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo nimebaki. Ila funguo sasa ziko mbili. Nyingine amepewa kaka wa kwaya. Yaani nikitaka kulipia hata kiberiti, lazima nimtafute huyo mtu, naye anaishi mbali, ana baiskeli mbovu.” Akavuta pumzi. “Miaka yote hii waliniamini peke yangu. Leo wamenitazama kama mtu aliyekuja kutembea.”

Ningesema pole, lakini pole ilikuwa ndogo, na ningesema bora umebaki, lakini hilo alilijua. Nilisikia kule kwake mtu anaita, na yeye akijibu kwa Kimambwe kwamba anakuja.

“Ndiye huyo wa kwaya,” akaniambia. “Anataka tujaribu funguo.”

“Nenda kajaribu.”

“Nikupigie baadaye?”

“Nipigie,” nikasema. “Siendi kulala.”